Siku Simu Yangu Ilipojadiliwa Chuoni Bungoma

Nilitoka Endebess kwenda Bungoma kwa sababu moja. Binti yangu Chemutai alikuwa anatetea kazi yake ya masters mbele ya walimu, na wakimkataa angerudia mwaka mzima. Anasomea uchanganuzi wa sera za umma. Mimi niliacha shule darasa la tatu, na shamba langu nimelinunua kwa kuuza maziwa kwa baiskeli, kwa hivyo sikuona haya kumuuliza: hiyo sera inachanganuliwa namna gani?

"Baba, serikali ikitoa kitu, sisi tunakifuata mpaka mwisho, tuone kilimfikia nani."

Nikaona ni kazi ya maana.

Asubuhi, baada ya kukamua, niliwasha pikap yangu. Kitale nilinyoa ndevu nikanunua kofia mpya, kwa sababu mzazi hafiki kwa maprofesa kama mtu aliyefukuzwa kwake. Nikapita Kiminini, nikaingia Kimilili. Kufikia Kabuchai mahindi yamepungua, ni miwa tu pande zote, na trekta mbele yako haikupishi.

Bungoma, Chemutai alinipokea kwenye lango la chuo.

"Baba, wewe kaa tu nyuma."

Nikakaa na wanafunzi wenzake. Mbele kulikuwa na walimu watatu. Chemutai alianza kueleza habari ya mbolea ya bei nafuu: ujumbe wa kuichukua unaingia kwa simu ya yule aliyeandikishwa kwa chifu. Alikuwa anasema vizuri, hata nikamwambia kijana aliyekaa kando yangu, huyo ni wangu. Kisha mwalimu mmoja, mama wa miwani, akamkatiza.

"Tupe mfano wa nyumba moja."

Chemutai aliangalia chini. "Nyumba ya kwetu. Anayelima ni mama. Aliyeandikishwa ni baba. Msimu uliopita ujumbe uliingia baba akiwa Kapenguria, simu imezima. Aliporudi, mbolea ilikuwa imeisha. Mama alipanda bila mbolea."

Nilihisi kama nimemwagiwa maji ya kisima. Mtoto niliyemlea, ati ananitaja mbele ya watu!

Sasa, kwetu kwenye baraza, nyumba ya mzee ikitajwa, mzee anavua kofia, anasimama, anajibu. Hakuna wa kumkalisha. Nikavua kofia nikasimama.

"Hamjambo nyote. Baba anayesemwa ni mimi. Simu sikuizima, iliisha chaji. Nilikuwa sokoni nanunua ng'ombe, sikuwa kwa pombe. Na mama yake angeandikishwa kwa nini? Shamba ni langu. Yeye analima tu."

Kijana mmoja akanong'ona, "Eish, buda wake Chemutai amejimaliza."

"Mzee," mama wa miwani akasema, "hapa mgeni haongei. Miaka yote niliyofundisha, sijaona jambo hili." Chemutai alikuwa amejifunika uso. Tukatolewa nje sote, walimu wakabaki wakishauriana.

"Baba, wakisema nilikupanga useme hayo?"

"Unipange mimi? Nani amewahi kunipanga?"

Hakucheka.

"Mbona hukuniambia umenitia humo?"

"Ningekuambia, ungekuja?"

Nikarudisha kofia kichwani.

Mlango ulipofunguka, mama wa miwani alimpa Chemutai mkono. Amepita, na marekebisho kidogo. Kisha akanigeukia.

"Mzee, maneno yako hatukuyahesabu. Binti yako alikuwa ameshatuonyesha hayo kabla hujasimama. Usidhani ni nyumba yako peke yake. Nyumba nyingi alizotembelea ziko hivyo."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Hilo la kuwa mmoja kati ya wengi ndilo lililonishtua zaidi.

Jioni nilifika nyumbani. Mama Chemutai alikuwa anapalilia.

"Amepita?"

"Amepita."

"Kwa kuandika nini?"

"Kutuandika mimi na wewe, bana."

Nikamweleza yote, hata la kusimama. Alicheka mpaka akaegemea jembe. "Ukawaambia mimi nalima tu? Ulisema hivyo, kwa mdomo wako?"

Nilichojifunza ni hiki: mtu anayesoma sera hasomi serikali peke yake. Anaingia mpaka jikoni kwako, na hakuna baraza la kumkalisha.

Juzi chifu alitangaza kuandikisha wakulima upya. Nilitoa pikap nikapiga honi. Mama Chemutai akatoka na kitambulisho na simu yake, amevaa nguo ya kanisa, akapanda. Nikaendesha mpaka kwa chifu, aandikishwe yeye.