Siku Nane za Kireno

Shangazi yangu wa kijiji cha Dranya, mjane wa askari, alifika ofisini kwangu Arua akiwa na hasira ya mtu aliyekwisha kukodi mahema. Mchumba wa binti yake, fundi wa visima kutoka Msumbiji, alikuwa amepata talaka mahakamani kwao Ijumaa iliyopita. Ndugu zake walitarajiwa Jumamosi kuleta mahari. Hukumu ilikuwa ya Kireno, lugha niliyojifunza nikifanya kazi Nampula, nami nilikuwa naitafsiri kwa Kiingereza.

“Soma pale kwa rufaa,” akaniamuru.

Nikamsomea: mke wa zamani ana muda wa siku nane kukata rufaa. Nilikuwa nimeandika nane kwa maneno, kisha kwa tarakimu.

“Nane mara mbili? Sasa iko kumi na sita?”

“Hapana, shangazi. Ni nane ile ile. Maneno yanalinda tarakimu, mtu asiichezee.”

Akahesabu kimya, uso ukabadilika. “Basi inaisha Jumamosi yenyewe! Mimi sipokei mahari ya bwana wa mutu.”

Nikamweleza kwamba katika sheria yao, muda ukiandikwa siku nane, huchukuliwa kuwa wiki moja. Ungekwisha Ijumaa.

“Wareno hawajui kuhesabu?”

“Hesabu wewe. Ijumaa mpaka Ijumaa, na zote mbili zimo.”

Alikunja vidole vya mkono usioshika mkoba, kimoja kimoja, ukaisha, akaazima wangu. Zilitoka nane. Alinitazama kana kwamba nimemwibia siku.

Hata hivyo sikuandika wiki. Mtafsiri hasahihishi mahakama. Niliacha siku nane, nikaweka maelezo chini ya ukurasa. Shangazi alisema maelezo hayo ni madogo mno kwa kazi kubwa namna hiyo, nikuze herufi. Nikakataa. Akaninunia hadi akapanda gari la Koboko kurudi kwake.

Ijumaa jioni wakili wa Nampula alinipigia: rufaa hakuna. Nikampigia shangazi. Nikamsikia akipaza sauti kwa majirani wafunge mbuzi wao, wageni wanakuja.

Kesho yake bwana harusi alipiga magoti mbele ya shangazi huku akitokwa na jasho, akasahau Kiswahili chote alichofundishwa. Shangazi akamshika mkono.

“Inuka, mwanangu. Kwani hapa iko mahakama?”

Binti yake alicheka mpaka akalia.