Mti Mwembamba

Juzi nilipita Igowole nikaona shamba la miti ya paina lililotoka kupunguzwa. Harufu ya utomvu ikanirudisha kwenye shamba letu, mchana ule shangazi alipokuja kutoka Mbeya.

Baba alikuwa anakata kwa msumeno, na jirani yetu Mzee Mgaya akimwelekeza. "Usiionee huruma, Baba Neema," alisema. Neema ni dada yangu. "Toa ile myembamba. Ukiiacha yote ibanane hivi, hakuna utakaonenepa."

"Ndivyo, mzee," baba akajibu. Mti ukaanguka polepole, matawi yake yakikwama kwa wenzake.

Tuliporudi nyumbani, baba aliniambia kwamba kesho nitaondoka na shangazi, nikakae kwake. Neema angebaki. Niliitazama mikono ya dada yangu, minene, kisha yangu, nikaelewa. Jioni nilikula ugali mpaka tumbo likauma, nikihakikisha baba ananiona. Asubuhi tukapanda basi.

Leo najua kwamba shangazi hakuwa na mtoto, na baba alinitafutia shule nzuri. Lakini shamba likishapunguzwa, watu husifia miti iliyobaki. Mimi hutazama visiki.