Shella mbili, Malindi mbili, na bwana arusi ana ndege kesho yake

Wakuu, natumai mko salama huko mliko.

Mimi humu ni msomaji tu, kuandika si kawaida yangu. Lakini jana kuna mtu aliuliza kwa nini watu wa pwani wakielekezwa mahali huuliza "ipi?" mara tatu tatu, watu wakamcheka. Mimi sikucheka. Nitawaeleza yaliyotupata sisi, na sitaongeza chumvi, maana wahusika wote wako hai na wawili wanasoma humu.

Kwanza niwajulishe watu, msipotee.

Mimi ni mwanamke wa Malindi, nashona mapazia. Baba yetu alishafariki, na hakuacha mtoto wa kiume. Tuko wawili tu, mimi na mdogo wangu Mwanaisha. Mama yetu asili yake ni Lamu, lakini aliolewa huku Malindi na hajaondoka.

Baada ya baba kufariki, Mama aliacha nyumba ya zamani kule mtaa wa Barani akahamia Shella, karibu na kwangu. Shella hii ya Malindi, mtaa wetu wa hapa mjini.

Sasa Mwanaisha akapata mchumba, Salim, kijana mwenye adabu zake, anafanya kazi Doha. Alikuja likizo fupi. Nikaha ikapangwa Ijumaa baada ya sala ya alasiri, na Jumamosi jioni ana ndege ya kurudi, kutokea Mombasa. Ruhusa yake ilikuwa imekwisha. Asipopanda ile ndege, kazi hana.

Kwa wasiojua, nikaha yetu haifungwi bila walii, yaani mwanamume wa upande wa baba anayemuoza bibi arusi. Baba hayupo, babu hayupo, kaka hatuna. Amebaki mtu mmoja tu duniani, Baba Mdogo Abdalla, ndugu yake marehemu.

Na Baba Mdogo anaishi Malindi.

Subirini. Si Malindi hii. Anaishi Zanzibar, na kule Zanzibar kuna mtaa unaitwa Malindi, pale karibu na bandari. Ameoa huko, ana wajukuu huko, na huku kwetu alikuwa hajakanyaga tangu Mwanaisha hajaanza shule.

Hili la Malindi mbili tumelizoea tangu utotoni. Akipiga simu anasema "huku Malindi mvua kubwa", nasi huku Malindi jua linatuchoma. Tunacheka, tunaendelea.

Mama ndiye aliyempigia kumwalika. Nilikuwa nimekaa pembeni, niliyasikia kwa masikio yangu. Alisema, "Shemeji, arusi ni nyumbani kwangu. Siku hizi nimehamia Shella."

Basi. Hayo tu. Mama aliona ametoa maelezo kamili.

Sasa mchukueni yule mzee, mumtie akilini mwenu. Anajua shemeji yake ni mtu wa Lamu. Anajua amefiwa na mume. Anasikia amehamia Shela. Na Lamu kuna Shela, maarufu kuliko hii yetu. Tofauti ni kwamba ile huandikwa kwa l moja na hii yetu kwa mbili, lakini mdomoni hiyo l ya pili nani ataisikia?

Akaona ni jambo la kawaida kabisa, mjane amerudi kwao. Hakuuliza. Kwa nini aulize?

Alitakiwa afike Alhamisi. Alhamisi yote hatukusikia neno. Laini yake ya Tanzania tukipiga haipatikani. Mama akawa anatoka barazani anarudi ndani, anatoka anarudi.

Ijumaa asubuhi, masufuria ya biriani yako jikoni tayari, simu ya Mama ikalia. Namba ngeni. Ni Baba Mdogo, ameazima simu ya mtu.

Alisema, "Tumeshatoka Malindi sasa hivi. Inshallah alasiri nitakuwa nanyi." Mtandao ukakatika.

Wakuu, Mama aliketi juu ya gunia la mchele.

"Ati ndiyo kwanza atoka Malindi," akasema. "Leo. Siku ya arusi."

Sisi tulielewa ametoka Malindi ya Zanzibar. Kumbe mtu alichelewa njiani akalala Mombasa, na sasa yuko ndani ya basi la kwenda Lamu, na basi hilo lilikuwa limesimama steji yetu hapa, mwendo mfupi sana kutoka jiko alilokuwa Mama. Baadaye alituambia kwamba alinunua hata maji dirishani. Basi likaondoka, likavuka daraja la Sabaki, nasi huku twalia kwamba mtu hajavuka bahari.

Nikipata kukumbuka yale maji ya dirishani, mpaka leo kichwa huniuma.

Tukakaa kikao jikoni. Kutoka Zanzibar mpaka huku, afike alasiri, atapita wapi kama si angani? Mama akakata shauri kuwa mzee amepanda ndege ya kwenda Mombasa. Mume wangu Hamisi akatumwa na gari akampokee uwanja wa ndege kule.

Kwa hiyo Baba Mdogo anakwenda kaskazini, Hamisi anakwenda kusini kumpokea. Sisi katikati tunakatakata vitunguu.

Hamisi alipiga simu mara nyingi siku ile, kila mara hasira zimepanda kidogo. "Hakuna mzee hapa." Halafu, "Ndege imeshuka, wametoka wazungu na mama mmoja na paka." Ya mwisho akasema, "Mimi narudi. Kama yumo humu, basi amejificha."

Alasiri ikaingia. Watu wa Salim wakafika, wamevaa kanzu zao, wakaketi msikitini kwetu. Sheikh akafika. Salim amekaa mbele na mjomba wake, ambaye ni mtu wa kutazama saa hata kama hana pa kwenda. Wanawake tuko nyumbani, Mwanaisha amepambwa, hina imekolea, na kila mtu ananiuliza mimi walii yuko wapi, kana kwamba nimemtia kabatini.

Dada ya mama yake Salim alinong'ona, kwa sauti ya kusikika, kwamba labda familia hii haina mtu.

Ndipo simu ikalia. Namba nyingine ngeni. Nikaipokea mimi.

"Nshafika Shela mie," Baba Mdogo akasema. "Nyie mko wapi?"

Nikafurahi nusura nilie. Nikamwambia, "Shikamoo Bamdogo. Kaa hapo hapo ulipo, nakuja kukuchukua. Uko upande gani, wa baharini au wa barabarani?"

"Barabara ipi?" akauliza. "Huku hakuna barabara. Kuna punda."

Nikamuuliza tena, taratibu, "Bamdogo, umefikaje hapo?"

"Kwa boti, kutoka Mokowe. Kwani kuna njia nyingine?"

Wakuu, sikujua nicheke au nivue mtandio niung'ate.

Na bado hayajaisha. Kule Shela ya Lamu siku ile kulikuwa na arusi kweli. Mzee ameshuka kwenye boti na begi lake, akauliza arusini ni wapi, akaonyeshwa. Akapokewa kwa heshima zote, akawekwa mbele, akapewa halua na kahawa. Upande wa bibi arusi wakadhani ni mtu wa bwana arusi, upande wa bwana arusi wakadhani ni mtu wa bibi arusi. Yeye mwenyewe alishangaa tu mbona hamuoni mtu anayemjua, akajisemea miaka imepita. Aligutuka pale alipoona mtu mwingine ameketi mahali pa walii.

Nikaipeleka simu msikitini, nikamwomba mtu ampe sheikh. Mimi nikasimama nje dirishani.

Sheikh ni mtu mpole. Akasema jambo si zito, walii anaweza kumfanya mtu mwingine wakili wake, aoze kwa niaba yake, mradi wanaomjua wahakikishe ni sauti yake. Aseme tu neno hapo kwenye simu, tumalize.

Nikashusha pumzi.

Baba Mdogo akakataa.

Spika ilikuwa imefunguliwa, msikiti mzima ulimsikia. "Sheikh, nisamehe," akasema. "Ndugu yangu alipokuwa mgonjwa alinipigia mwenyewe, akaniambia Mwanaisha nimuoze mie, kwa mkono wangu. Maziko yake sikuyawahi. Na hili pia nilifanye kwa simu?"

Mjomba wa Salim akasema kwa sauti kwamba kijana wao kesho anaondoka, na hawakuja kusikiliza habari za boti.

Mimi, kusema kweli, nilikuwa upande wa mjomba. Nilikuwa nimechoka, jasho linanitoka, biriani inashika chini. Nilirudi nyumbani nikamwambia Mwanaisha, "Zungumza na baba yako mdogo. Mwambie aweke wakili, yaishe."

Sheikh akarudisha simu. Mwanaisha akaichukua akamsalimia, akamsikiliza kitambo. Kisha akasema, "Njoo, Bamdogo. Nitangoja."

Nilitaka kumtikisa. Nikamuuliza ana akili kweli.

Akaniambia, "Dada, hukumsikia? Ana sauti ya baba. Ile ile kabisa."

Sikuwa nimeisikia. Siku nzima nilikuwa nikisikia jina la mahali tu, Shela, Malindi, Shela. Nilipotulia nikakumbuka, nikakaa kitandani karibu naye.

Salim alipoambiwa, alisema naye atangoja. Mjomba wake alitoka nje akazungumza peke yake barabarani.

Wageni walikula biriani ya arusi isiyofungwa. Waliipenda. Walibeba.

Jumamosi Baba Mdogo alipanda boti ya mapema na basi la kwanza kutoka Mokowe. Mpango ukawa hivi: Salim aje steji na mabegi yake garini, sheikh aje, nikaha ifungwe kwenye msikiti mdogo ulio jirani na steji, kisha bwana arusi aelekee Mombasa. Kusubiri nyumbani Shella kungekula muda.

Safari hii nilimwambia yule mzee ampe simu kondakta. Nikamwambia kondakta, "Huyo mzee aliyekupa simu, mshushe Malindi. Malindi hii ya Kenya, ya kwenye steji, yenye tuktuk. Hata akikwambia amekosea, mshushe."

Kondakta akauliza, "Mama, kuna Malindi nyingine?"

Nikamwambia amrudishie mzee simu.

Basi lilichelewa. Lilisimamishwa kwenye ukaguzi mara kwa mara, kila kituo watu washuke, waonyeshe vitambulisho, wapande. Na mzee wetu ana pasi ya nchi nyingine, kwa hiyo maswali yake yalikuwa mengi zaidi. Adhuhuri ikakaribia. Dereva wa Salim alikuwa amewasha injini. Mjomba akasema, "Tukingoja zaidi, ndege inamwacha." Salim akamwambia, "Mjomba, ingia msikitini utie udhu."

Alipolitamka hilo, basi likaingia.

Baba Mdogo alishuka akiwa na begi, kapu la halua ya Zanzibar, na boksi la vitafunio vya arusi ya watu wa Lamu, waliokataa kumwacha aondoke mikono mitupu. Mwembamba, koti limekunjamana, macho mekundu. Alitutazama mmoja mmoja kana kwamba anahofia tena amekosea watu. Nikamsalimia, nikambusu mkono.

"Wewe ndiye mkubwa," akasema. "Huyo wa kuolewa yuko wapi?"

"Yuko nyumbani, Bamdogo. Anakusikiliza kwenye simu."

Alipelekwa ndani ya msikiti mbio mbio. Mimi nilisimama mlangoni na simu nimeinyoosha mkono. Ndani akamshika Salim mkono, wakabanana vidole gumba, sheikh akawaongoza. Nilimsikia akisema amemuoza Mwanaisha binti Omar, na alipofika kwenye jina la marehemu ilibidi aanze upya. Salim akajibu ameikubali ndoa yake. Watu wa steji waliokuwa wamekuja kuswali wakawa mashahidi na waitikia dua.

Kwenye simu nilisikia vigelegele vya Mama tu.

Salim alipita nyumbani, akaingia chumbani kumpa mkewe mkono. Hata maji hakumaliza kunywa. Ndege aliiwahi.

Baba Mdogo tulimpeleka Shella kwa tuktuk. Njia nzima alikuwa ananuna. Aliniambia, "Kosa ni lenu. Mji mzima huu, mkakosa jina lenu wenyewe?" Nikamwambia sisi hatukuupa jina. Akasema naye Malindi ya kwao hakuipa jina. Tukafika kila mtu ameshikilia msimamo wake, na mpaka leo kila mtu anao.

Hiyo ndiyo hadithi, wakuu.

Nilichojifunza ni kidogo lakini kimenikaa. Jina la mahali peke yake halimfikishi mtu. Taja na mji, taja kilicho jirani, mwambie ashuke wapi, halafu mwambie arudie alivyosikia. Msidhani mtu mzima anajua. Mtu mzima ndiye hatakuuliza, maana tayari ana jibu lake.

Mwanaisha na Salim wanaendelea vizuri, alhamdulillahi. Salim alirudi likizo, na sasa mtoto yuko njiani. Wameshakubaliana, akiwa wa kiume ataitwa Omar, jina la baba. Nimewaambia kwa utaratibu kwamba ukoo huu tayari una Omar watatu, wajukuu wa Baba Mdogo, na wawili wanaishi nyumba moja. Hawanisikii. Baba Mdogo amepiga simu kutoka Malindi, sitasema ipi, amesema ni jina zuri, wasibadilishe.

Nawaachia uwanja. Wenye Majengo zenu, wenye Kibaoni, wenye Gongoni ya Magarini na Gongoni ya Kwale, semeni yaliyowakuta, nijue kama ni sisi peke yetu.