Moshi Ule Unakwenda Wapi?

Nakumbuka asubuhi moja ya mvua ambapo mama mkwe wangu alizungumza na kuku. Kuku hakujibu. Nilijibu mimi, na majibu yangu yakanionyesha jinsi nilivyokuwa sijui kitu. Mwanangu, najua unacheka, nami sikukatazi. Ila mkeo ana mimba ya kwanza, na wewe umeniuliza baba anajiandaaje. Jibu langu linaanzia kwa kuku huyo.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Mimi na mke wangu Kabula tulipanga chumba kimoja chenye jiko la nje, kwenye machimbo madogo upande wa Kharumwa. Sikuwa mtu wa kushuka kwenye maduara, yale mashimo ya kuchimbia. Riziki yangu niliitafuta kwenye marudio, yaani mchanga ambao wenzangu wamekwisha kuuosha mara moja wakauacha. Mimi niliuosha tena. Kazi hiyo inamfaa mtu asiyechoka kukitazama kitu kilekile mara ya pili, na mimi ndivyo nilivyoumbwa.

Shule niliiachia darasa la saba, lakini kusoma sikuacha. Kabula aliposhika mimba nilikwenda Kahama sokoni, nikapekua vitabu vya mitumba mpaka nikapata kitabu cha wakunga kilichotoka jalada. Nilikisoma kama mtu anayesoma ramani ya nchi atakayohamia. Mtoto anageukaje kichwa chini bila mtu kumwelekeza? Husikia sauti zetu? Hulala? Kucha zake huota lini? Niliyoyapata nilimsimulia Kabula, naye alisikiliza huku akinitazama kwa namna ya mtu anayemhurumia mgonjwa.

Siku ya kliniki wanaume wengi waliwaacha wake zao mlangoni. Mimi niliingia. Nesi, mama mmoja mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, akaniuliza kama nina swali.

"Ninalo," nikasema. "Mtoto anapumuaje mle ndani, na yeye amezungukwa na maji?"

Kina mama kwenye benchi wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Kabula, huyu mwanaume umemtoa wapi? Wangu mimi hajui hata mimba ina miezi mingapi!"

Nesi hakucheka. "Hapumui mwenyewe, baba. Mama yake anampumulia. Hewa anayovuta mama inaingia kwenye damu, inapita kwenye kitovu, inamfikia. Kila kinachoingia kwa mama, na mtoto anapata mgawo wake."

Nikashukuru, nikaenda nyumbani kusimamia chakula. Mchicha, maharage, dagaa, karanga, yote nilihakikisha yapo. Udongo wa kutafuna, ule wanaouita pemba, nikaupiga marufuku, ingawa Kabula alisema anaupenda kuliko anavyonipenda mimi. Angalia hapo, mwanangu. Nesi alizungumza juu ya hewa. Mimi nikaenda kusimamia chakula. Jibu nililisikia lote, nikalitumia nusu.

Tumbo lilivyozidi kukua, hofu ikaniingia ya kuwa mbali. Mahali pa kuoshea mchanga palikuwa ng'ambo ya bonde, na mvua zikinyesha bonde lile hujaa maji, mtu akakwama huko hata siku nzima. Itakuwaje uchungu ukimshika na mimi nimekwama? Basi nikaamua kuihamishia nyumbani hatua ya mwisho ya kazi yangu, hatua ya kuchoma. Niliona ndivyo baba anavyojiandaa: anasogea karibu.

Kwa ambaye hajawahi kuona, nieleze. Mchanga mzito unaobaki kwenye karai baada ya kuosha unachanganywa na zebaki, ule ugiligili mzito unaong'aa kama fedha. Zebaki hukamata chembe za dhahabu ambazo jicho haliwezi kuziona. Ukiikamua kwa kitambaa unabaki na kidonge cha kijivu. Kidonge hicho ukikiweka motoni zebaki inapaa, dhahabu inabaki na unjano wake. Kule kwetu watu walikuwa wakichoma hivyo kwa wepesi wa mtu anayechemsha chai. Sikumwona hata mmoja aliyeshtuka, nami sikushtuka.

Na kwa sababu ya mvua, nilichomea ndani ya jiko letu, juu ya makaa yaleyale ya kupikia ugali. Kabula aliumwa mgongo, akapenda joto la moto. Alikaa kwenye kigoda chake kando yangu akimenya karanga, mimi nikimsimulia habari za kucha za mtoto. Nikiirudia picha ile leo naona watu wawili wanaopendana. Hilo ndilo linalonitisha mpaka sasa.

Sasa nikujulishe kwa mama mkwe. Kwao Kabula ni upande wa Songwa, kule Kishapu, watu wa mtama na pamba ambao dhahabu waliisikia tu. Kwa desturi, mwanamke mwenye mimba ya kwanza huenda kujifungulia kwa mama yake. Mimi nilituma ujumbe kwa heshima zote kwamba nimejiandaa, asisumbuke. Mama akasema sawa. Kisha akajifunga safari akaja mwenyewe, na mkeka, unga wa mtama na kuku mmoja wa madoadoa.

Unajua Wasukuma tulivyo. Mtu na mama mkwe wake huheshimiana kwa umbali. Sikuruhusiwa kula naye, wala kukaa naye chini ya paa moja, wala kumtazama usoni. Nilihamia kulala kwa rafiki yangu Maige, nyumba ya pili. "Shikamoo mayu," yaani mama kwa Kisukuma, niliitoa nikiwa nimeinama nyuma ya ukuta, "marahaba baba" ikanirudia kutoka upande wa pili. Mengine yote yalipitia kwa Kabula. Mwambie mayu maji yapo. Mwambie baba ugali umeiva. Maige alisema nyumba yangu imekuwa kama ofisi ya serikali, hata chumvi inaombwa kwa kupitia mtu wa tatu.

Asubuhi ile Kabula alikwenda kwa jirani kusukwa nywele. Mama mkwe alikaa kwenye kizingiti cha chumba, amelipa jiko mgongo, anapepeta mtama. Mimi nilikuwa jikoni na kidonge changu motoni. Kati yetu alikuwapo kuku tu, anadonoa punje zinazoruka.

"We kuku," nikasikia. "Hebu niulizie mwenye nyumba. Hicho anachokichoma ni nini?"

Kumjibu yeye moja kwa moja desturi ilinikataza. "We kuku, mwambie mayu ni dhahabu."

"Kuku, mwambie dhahabu nitaiona itakayobaki. Nauliza hicho kinachoondoka."

"Mwambie ni zebaki. Inageuka moshi."

"Na moshi huo unakwenda wapi?"

"Unapotea, kuku. Mwambie unapotea tu."

Akaweka ungo chini. "Kuku, mwambie mwenye nyumba mimi nimepika tangu sijaota meno ya ukubwani, na moshi unaopotea sijauona. Wa kuni unapanda juu ukawa masizi. Wa tumbaku unakwenda kifuani kwa baba yake Kabula, na tunausikia akikohoa. Huu wa kwake ni moshi gani usio na kwao? Bwana anayejua kucha za mtoto zinaota lini, hajui moshi wa jikoni kwake unalala wapi?"

Uso ukaniwaka. Nilitaka kumtumia kuku jibu la ukali kidogo, ila swali lenyewe likanishika. Wahenga wamesema pafukapo moshi pana moto. Methali hiyo nimeijua tangu utoto, na inakuambia moshi umetoka wapi. Mama yule aliulizia unakokwenda, jambo ambalo hata methali haikulifikiria. Fedheha ikapungua taratibu, hamu ya kujua ikachukua nafasi yake.

Nikachukua mfuniko wa sufuria, nikauweka nje mvuani mpaka ukapoa kabisa. Nikaufuta, nikaushika kwa koleo juu ya kidonge. Nikangoja. Ndani ya mfuniko ukaja ukungu wa kijivu, kama kioo unapokihemea. Nikaokota unyoya wa kuku sakafuni, nikausukuma ule ukungu pembeni. Ukakusanyika. Ukawa vitone vidogo vinavyong'aa, vikibingirika na kuungana kimoja na kingine.

Ilikuwa zebaki yangu, na haikuwa imekwenda popote.

Nikatazama juu. Kwenye bati, sawasawa na mahali pa kigoda cha Kabula, nikapitisha unyoya. Vitone vilevile. Nikaupitisha kwenye ukingo wa sufuria ya ugali. Vilevile. Kwenye kamba ilianikwa kanga mpya niliyoinunua ili mtoto afungwe nayo siku ya kwanza. Nikaikagua pande zote nisione kitu, na nikabaki sijui kama hakuna kitu au ni macho yangu yasiyoweza kuona. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema. Ndipo maneno ya nesi yakarudi, safari hii yote mawili, chakula na hewa: kila kinachoingia kwa mama, na mtoto anapata mgawo wake.

Sikukumbuka desturi tena. Nilitoka na ule mfuniko, nikazunguka ukuta, nikasimama mbele ya mama mkwe wangu na kumnyooshea. Akautazama. Kisha akainua uso akanitazama mimi, machoni, kwa mara ya kwanza tangu nilipomwoa binti yake.

"Mwanangu," akasema, na hakumwambia kuku. "Mtoe mke wako hapa. Leo."

Kabula alirudi nusu ya kichwa kimesukwa, akakuta mkeka umekunjwa. "Kuna msiba?" akauliza. Mama yake akamwambia hakuna, na hatutaki utokee. Jioni walikuwa njiani kwenda Songwa, pamoja na kuku, maana mama mkwe alisema bado ana maongezi naye. Kanga ile ya mtoto sikuwapa waende nayo. Tulipopitia kliniki kabla ya safari, nilimweleza nesi kila kitu bila kuficha. Hakunigombeza. Alisema jambo moja: kwamba si yeye wala mimi anayeweza kujua kama moshi umemdhuru mtoto, ila kuanzia sasa usimguse tena.

Wazee wa kwao walisema desturi imevunjwa, inabidi nilipe mbuzi. Nilimtoa mbuzi huyo kwa moyo mweupe kuliko chochote nilichowahi kukitoa.

Binti yetu alizaliwa kwao Kabula, mvua zikikatika. Nilipofika nilifungua nguo nikatazama vidole vyake. Kucha zilikuwepo, kama kitabu kilivyosema. Tukampa jina la bibi yake, Minza. Na kwa kuwa jina la mama mkwe halitajwi ovyo, mpaka leo binti yangu namwita Mayu.

Lakini kutazama sikuacha, maana nilikuwa nimesoma kwamba zebaki inaweza kumdhuru mtoto wa tumboni ubongo na masikio. Nilipiga makofi nyuma ya sikio lake nione kama atageuka. Niliweka punje ya maharage mkekani nione kama ataidaka kwa vidole viwili. Kabula akanifokea, "Muache mtoto alale, huyu si mchanga wa karai!" Aligeuka. Aliidaka. Alitembea, akasema, akaanza kuuliza, na sasa ni mtu mzima anayeniuliza maswali nisiyoyaweza. Ni kwa sababu tulimtoa mama yake mapema, au ni bahati tu? Sijui. Nimesoma mengi tangu hapo, na hakuna kitabu kinachoweza kunisimulia ya miezi ile. Nimewaona machimboni watoto waliochelewa kutembea, na mama zao wakiulizwa wamekosea nini. Chanzo cha kila mmoja sikijui, na nisilolijua silisemi. Nasema tu kwamba sikuwahi kusikia baba akiulizwa anachomea wapi.

Mwanangu, juzi umeniambia kwa furaha kwamba umehamishia nyumbani kazi yako ya kuchoma dhahabu ili uwe karibu na mkeo. Furaha hiyo naijua, ilikuwa yangu. Basi nasaha yangu ni hii. Kabla ya beseni, kanga na nauli ya hospitali, simama katikati ya nyumba yako uulize kila kitu kinatoka wapi na kinakwenda wapi: moshi, maji, vumbi la nguo zako za kazi. Zebaki na mahali anapopumua mkeo visikutane hata siku moja. Choma mbali, kwa chombo kinachofunikwa na kuukamata moshi, na ukirudi vua nguo nje. Jibu la mtaalamu ulitumie lote, usichague nusu inayokupendeza. Na akija mkubwa na swali linalokuudhi, hata likipitia kwa kuku, usikimbilie kujibu. Kwanza shika mfuniko juu ya moto uone.

Mama mkwe wangu yu hai. Alirudi nyuma ya ukuta wake, nami wa kwangu, na maneno yetu yanapita kwa wajukuu. Aliniita mwanangu siku ile moja tu. Neno hilo nimelitunza, na ndilo ninalokuita nalo wewe.

Mungu amfikishe mkeo salama. Akupe mtoto anayelia kwa nguvu na kugeuka akisikia jina lake. Na nyumba yako isikose kamwe mtu wa kuuliza moshi unakwenda wapi.