Walionyonya Ziwa Moja

Asubuhi ile barazani kwa Bwana Shauri, afisa wa serikali, tulikuwapo mimi, dada yangu na mdogo wetu wa mwisho mgongoni mwake, Mwarabu wa duka la kona mtaani kwetu Kariakoo, yule mama kutoka ng'ambo ya Ruvuma na bintiye mchanga kifuani, karani wa ofisi, na Bwana Shauri mwenyewe. Mume wa yule mama nilimwacha mtaa wa Gerezani, nilikomficha. Sikuamini wito uliotolewa kwa upole namna ile.

Ofisi ilitangaza kwamba waliowakimbia Wareno waje wajieleze. Mtaani walinong'ona, "Wakishajieleza, watafungwa kamba." Nami niliwaza hivyo hivyo. Mume yule alikimbia kazi ya lazima ya Wareno. Walipomkosa wakamfunga mkewe. Mama akatoroka. Akirudishwa, anarudi kwenye kamba ile ile. Lakini kujificha nako kulikuwa na mwisho: kila askari alipopita uchochoroni tulizima kikohozi.

Mama yetu alifariki akijifungua. Baba alikwisha kumtangulia. Mimi mkubwa niliacha shule nikabeba magunia sokoni. Kichanga kililia mpaka sauti ikakauka. Yule mama alikuja kuteka maji kisimani kwetu, akakisikia, akaingia, akakipa ziwa. Hakuulizwa, hakuomba kitu. Majirani wakaniambia, "Unayajua maziwa hayo ni ya nani?" Mtoto alipopiga chafya, wao walitazamana.

Bwana Shauri alisema, "Serikali haiwezi kubeba kila mtu. Mwenye ndugu hapa atakaa. Huyu ana ndugu?"

"Ni mimi, bwana."

"Kwa baba au kwa mama?"

"Kwa ziwa. Alikuja kuteka maji kisimani kwetu, akamnyonyesha mdogo wangu. Bintiye na mdogo wangu wamenyonya ziwa moja. Hawawezi kuoana mpaka kufa."

Karani akacheka. "Siku hizi ndugu wanatekwa kisimani?"

"Cheka, mwanangu," Mwarabu alimwambia. "Mama yako akisikia umeisahau dini kwa sababu ya kiti, na yeye atacheka."

Bwana Shauri alipomgeukia, karani alijibu akiangalia meza, "Ni kweli, bwana. Kwetu hao ni ndugu."

Bwana Shauri akaandika. Kisha, bila kuinua kichwa, akauliza, "Wanalala wapi?"

Dada akanibana mkono. Nilisema, "Kwangu." Gerezani sikuitaja, na mpaka leo sijui swali lile lilitafuta nini.

Tungeweza kuondoka. Lakini yule mama alikuwa amenituma neno moja, nami nilikuwa nimekubali kulibeba. Nikasema mama yake mzazi na wadogo zake wamejificha porini ng'ambo, wanangoja kujua kama wakivuka watapokewa au watarudishwa. Nikaomba serikali iwapokee, na wengine walio kama wao.

Bwana Shauri akatabasamu. "Na hao walimnyonyesha nani?"

Karani akapata ruhusa ya kucheka tena.

"Mama yake alimnyonyesha yeye, bwana," nilisema.

Akafunga faili. "Tutafikiri."

Yule mama akabaki, na mumewe akatoka mafichoni baada ya mimi kuchunguza njia wiki nzima. Kwa wale wa ng'ambo nilirudi ofisini tena na tena. Maafisa walibadilika, jibu halikubadilika. Mdogo wangu sasa anabeba gunia kunishinda. Bibi, mama mzazi wa yule aliyemnyonyesha, bado hajavuka mto.