Ndoo ya Mahamri

Sisi tuliokulia Kibiti kabla maduka hayajajaa bidhaa ndio tunaojua mche wa sabuni unavyokatwa kwa uzi. Kwa hiyo, mwanzoni mwa miaka ya ruksa, biashara ilipoanza kufunguliwa, Shangazi aliyeolewa Mombasa alipoomba nikakae naye, niliona nimepata. Nilikuwa na miaka kumi, ila mapatano nilishayajua. Nikamwekea Baba sharti: nisipozoea, aje kunichukua. Tukakubaliana wiki mbili.

"Utaandika barua," akasema. "Lakini usiniite kwa kulilia mihogo."

Raha zilikuwepo, nisiseme uongo. Kulikuwa na maziwa ya pakiti waliyoiita ya pembe tatu. Pembe nilizihesabu mara mbili, nikapata nne. Kulikuwa na mkate uliokatwa tayari, na taa ya kubonyeza ukutani, niliyoibonyeza mpaka Shangazi akauliza kama nawapelekea salamu watu wa Kibiti. Jioni, kwenye kona ya mtaa, kulikuwa na viazi karai vya ukwaju na pilipili. Siku ya tatu tu nilishamzoea muuzaji: sibanduki mpaka aongeze kimoja. Kidogo sawa, kibovu hapana.

Ila sikuwa na wa kula naye. Watoto wa ua ule waliniita "Mtanzania", kana kwamba jina langu nimelisahau mpakani. Siku ya sita nikaandika: Baba, njoo. Barua nikailalia chini ya mto, nikisubiri stempu.

Asubuhi yake Bi Rukia, jirani wa upande wa pili wa ua, akapaza sauti: "Ndoo, mwanangu! Ndoo upesi!"

Nikajua maji yanakatika. Nikachomoka na ndoo ya Shangazi, ile kubwa ya bati. Nikamkuta amekaa mbele ya sinia la mahamri na bakuli la mbaazi za nazi, watoto wote wamemzunguka.

"Shikamoo, Bibi. Ndoo hii hapa."

Akaitazama ndoo, akanitazama mimi. "Ama! Mimi nakwita uje ule, nawe waniletea ndoo? Kwenu ndivyo mnavyopakulia?"

Kumbe "ndoo" yao ndiyo "njoo" yetu. Watoto walicheka hadi mmoja akamwaga chai. Ningeweza kulia, lakini nikaona ni hasara.

"Bibi," nikasema, "nimeshaibeba. Haiwezi kurudi tupu."

Bi Rukia akashika mbavu, akanitilia mahamri saba. Nikayahesabu tena palepale mbele yake. Akaongeza la nane: "Hili la ulimi huo!" Tangu siku ile nikawa Bwana Ndoo, na kila aliyekula mahamri akaniita nile naye. Barua nikaiandika upya: Baba, usije kwanza. Hiyo "kwanza" ilichukua miaka minne.

Vijana wa leo wana ramani ya dunia nzima kiganjani. Hawapotei njia, hawapotei hata kwenye neno. Juzi, nyumbani Kibiti, nimekaanga mahamri mwenyewe, mbaazi ziko tayari, nikamwita binti yangu aliyekuwa chumbani: "Ndoo, mwanangu! Ndoo upesi!" Kicheko nilishakiandaa.

Simu yangu ikalia. Ameandika: "Baba, ndoo ipo bafuni."

Nikala peke yangu. Yakabaki saba. Nikahesabu tena, saba. Wa kuniongezea la nane hayupo.