Swali la Dismas

Siku yangu ya kwanza kwenye kundi nilifika ukumbi wa kanisa, Fort Worth, Texas, nikiwa bado na fulana ya kazi ya ghala. Mwalimu, kiongozi wetu, Mkenya aliyekaa Mansfield, alikuwa ameweka maikrofoni moja tu katikati ya sakafu. Tuliimba injili kwa mtindo wa blugrasi, muziki wa milimani Marekani wa banjo na mandolini, usio na ngoma. Watu wanne kwa maikrofoni moja: anayeongoza ubeti anasogea, wengine wanarudi nyuma.

"Wewe ni besi, sauti ya chini kabisa," Mwalimu aliniambia. "Kaa nyuma. Kazi yako ni kusikiliza kuliko kuimba."

Kushoto kwangu alisimama Dismas, Mrundi mwenzangu, niliyetoka naye kambi moja ya wakimbizi. Yeye aliimba tenori, ile sauti nyembamba ya juu inayokaa juu ya wimbo. Rehema, nesi kutoka Nakuru, alishika sauti ya kati, na Mwalimu mwenyewe aliongoza. Kwa miaka mingi tuliimba hivyo, Jumamosi Fort Worth, Jumapili Houston na Katy iliyo pembeni yake, tukipokezana kuendesha gari.

Halafu sauti ya Dismas ikaanza kukwaruza. Mwanzoni ni mimi tu niliyesikia, kwa sababu nilisimama karibu. Baadaye Rehema naye akasikia.

"Dismas, hii si mafua. Ume-book daktari?"

"Tumalize Houston kwanza," Mwalimu akamjibia. "Tamasha lao ni mara moja tu kwa mwaka."

Tulipofika Katy, kabla ya kuingia kanisani, Dismas alinivuta pembeni kwenye maegesho.

"Kaka, wewe unanisikia kila siku. Sauti yangu ina nini?"

Nilijua. Kwa miezi mitatu nilikuwa nikisikia kitu kikikua mle ndani. Nikamwambia, "Uchovu tu, kaka. Kunywa maji ya moto."

Akaimba. Watu walisimama, wengine wakalia. Hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya mwisho kuimba.

Alipokwenda hospitali, saratani ilikuwa imeshaenea. Madaktari wakaondoa zoloto, kisanduku cha sauti, na tangu hapo alizungumza kwa kuandika kwenye daftari. Mwalimu hakuweza kumtazama usoni. Mazoezi yakapungua, mwishowe hakuna aliyepiga simu kuuliza yatakuwa lini.

Nilimtembelea Dismas wiki chache kabla hajafariki. Nilimwambia yote: kwamba nilisikia, kwamba nilidanganya, kwamba niliogopa kuharibu safari. Akanisikiliza, kisha akachukua kalamu. Aliandika polepole, akanigeuzia daftari:

*Ningetaka ukweli ningemuuliza Rehema.*

Akanishika mkono, akafumba macho.

Tulimzika tukiimba watu watatu. Nikastaafu kazi ya ghala mwaka uliofuata, na kuimba pia nikaacha. Siku hizi vijana wa parokia huniomba niwafundishe besi. Nawafundisha kupumua, kusimama, kushusha sauti bila kuisukuma. Wananipenda, wananiita babu.

Wengi huniambia maneno ya Dismas yalikuwa msamaha, nami naamini hivyo. Alitaka kuimba mara moja zaidi, akamchagua mtu ambaye angemruhusu. Lakini hata kama aliomba kudanganywa, alikuwa rafiki yangu, na mimi ndiye niliyekuwa na masikio.